Miti Yenye Mvungu

Ngo. Kimya. Ngo.

Sauti ilitoka ndani ya ukungu, upande wa juu wa mteremko, na kwa muda sikuona kitu ila weupe na ncha ya kamba niliyokuwa nimeishika. Ikaja mara ya tatu, nzito zaidi, kama mtu anapiga ngoma iliyolowa. Kisha nikamsikia dada yangu:

"Huu una mvungu. Andika, msomi."

Ukungu ulipopasuka nikamwona. Alikuwa kando ya mti mkubwa wa mkulo, raba zake za mtumba zimezama kwenye majani yaliyooza, sketi juu ya suruali, panga amelishika kwa kuligeuza ili mgongo wake ndio ugonge mti. Sikio lake lilikuwa karibu liguse gamba. Alisikiliza vile watu wanavyosikiliza mgonjwa anapopumua.

Sikuandika.

Nilikuwa na kalamu ya risasi na fomu iliyobanwa juu ya kibao. Fomu ilikuwa na safu ya jina la mti, safu ya unene, safu ya urefu wa kukadiria, na mwishoni safu pana ya maelezo. Nikaandika jina. Nikaandika unene alionisomea kutoka kwenye utepe wa kupimia. Safu ya maelezo nikaiacha nyeupe. Sikusahau, wala mkono haukuwa na ganzi. Niliiacha kwa makusudi.

Ninamwita dada, lakini ni binti wa mama mkubwa, ananizidi mwaka mmoja. Baba yake alikuwa mpasua mbao, wale wa zamani waliofanya kazi wawili wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni, wakivutana msumeno mrefu tangu asubuhi mpaka jua la alasiri. Alipofariki, na mama mkubwa alipomfuata, dada aliletwa kwetu na kifurushi kimoja cha nguo. Tulilala kitanda kimoja. Tulimaliza darasa la saba siku moja na tukafaulu wote wawili.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Kiwanda cha mbao alichofanyia kazi baba kilikuwa kimeuzwa na yeye amepunguzwa, ada zilikuwa zimerudi shuleni, na malori ya wanunuzi yalikuwa yakipanda kutoka Dar es Salaam kufuata kabichi zetu. Baba aliweza kumsomesha mmoja. Nikasomeshwa mimi, kwa sababu nilikuwa wa kuzaliwa. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti. Dada alichukua jembe, akalima karoti ambazo, nikipiga hesabu kwa ukweli, ndizo zilizonivalisha sweta la shule kwa miaka minne.

Kwa hiyo mwenye haki ya wivu alikuwa yeye. Lakini wivu niliuona mimi, na niliuona mwaka ule nilipokuwa nyumbani nikisubiri majibu ya kidato cha nne, alipokuja yule mama wa picha.

Alitoka Morogoro, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi nyuma ya shingo. Watu walimwita Mama Setilaiti siku ileile ya kwanza. Katika ofisi ya kijiji alitandaza mezani picha mbili kubwa, akazikandamiza pembe kwa mawe. Ilikuwa milima yetu, iliyopigwa kutoka juu kuliko ndege, moja tulipokuwa wadogo na nyingine mwaka uliopita. Tukasogea. Milima yote ilikuwa myekundu.

"Yarabi," akasema bibi mmoja, "imeungua lini na sisi tuko humuhumu?"

Mama Setilaiti akacheka. Akaeleza kwamba chombo kile huona mwanga ambao macho yetu hayauoni, mwanga ambao jani bichi huurudisha kwa wingi, na mashine huupaka wekundu ili nasi tuuone. Panapong'aa wekundu pana majani mengi. Palipofifia, msitu umeondoka. Akaweka kidole picha ya zamani, akakipeleka mahali palepale kwenye picha mpya, na mzee aliyekuwa akilima maharage ndani ya mpaka wa msitu akaanza kukohoa. Kesho yake tulisikia amelitandika shamba lake matawi mabichi kutoka upande mmoja mpaka wa pili.

"Na hiyo kaboni unayoitafuta ni nini, mama?" baba alimuuliza.

"Ni sehemu kubwa ya mti wenyewe ukishakauka, shemeji. Mti huivuta kutoka hewani, huiweka mwilini. Ukichoma, hurudi hewani. Ile inayobaki nyeusi, hiyo unaijua."

"Mkaa!"

"Jamaa ya mkaa."

"Kwa hiyo umepanda milima yote hii kuhesabu mkaa ambao haujachomwa?"

Ofisi nzima ikacheka, naye akacheka nao. "Ndiyo, na ninaomba usichomwe."

Kazi yake ilikuwa hii. Setilaiti huona rangi ya msitu, haioni uzito wake. Lazima watu waingie ndani, wapime miti mmoja mmoja katika viploti, vipande vidogo vya msitu vilivyowekewa mipaka, kisha uzito ule ulinganishwe na rangi ya mahali palepale kwenye picha. Vikishakubaliana vya kutosha, mtu anaweza kukaa mbele ya mashine Morogoro na kusema Usambara imepoteza kiasi gani au imerudisha kiasi gani tangu mwaka fulani, bila kulowesha kiatu. Alihitaji wasaidizi wawili: mmoja wa kuandika na mmoja anayeijua miti. Mwenyekiti akatutaja sisi.

Siku ya pili, tukinywa chai nyumbani kwetu, akasema jambo lililoniondolea usingizi. Kazi ikiisha angemchukua mmoja wetu kwenda naye Morogoro, katika chumba kile chenye mashine, afundishwe kusoma picha na kubaki kazini.

"Mmoja?" mama aliuliza.

"Nafasi ni moja, dada yangu. Wangekuwa kumi ningewachukua kumi."

Niliingia chumbani nikafunga begi langu la shule kwa mawazo. Nani mwingine? Nilijua Kiingereza kilichoandikwa pembeni mwa zile picha. Nilijua maana ya nambari. Nilikuwa tayari naandika hadithi katika madaftari, na nilijiona nikiishi mjini, dirishani, nikitazama nchi yangu kutoka juu kama anavyoitazama Mungu. Dada alikuwa akikuna nazi jikoni, akiimba.

Lakini msituni mambo yalikuwa mengine.

Msituni dada ndiye aliyesoma. Mama Setilaiti alikuwa akisimama kwenye uwazi, kidude chake cha kutafuta mahali kimeinuliwa juu, akisubiri kipate setilaiti zake kati ya matawi, na dada alikuwa ameshamwambia tuko kwenye bega gani la mlima na kijito kiko upande gani. Alitaja miti kwa Kishambaa bila kuinua macho, kwa kunusa jani tu: mshai, mse, mkulo. Alikata fimbo ya kimo cha kifua, ili utepe uzungushwe pale pale kila mti, na kwenye mteremko mkali aliisimamisha upande wa juu kabla hajafundishwa kwamba ndivyo inavyotakiwa.

"Wewe nani alikufundisha?" mama wa picha alimuuliza.

"Upande wa chini fimbo inateleza, mama."

Mama wa watu alicheka mpaka akavua miwani. Siku ile, mvua ilipotukuta, alimvisha dada koti lake mwenyewe. Mimi nilikuwa na sweta, ni kweli. Lakini nililiangalia lile koti likipanda mteremko mbele yangu, limemfika dada magotini, na kifuani nikahisi kitu kama pilipili kichaa. Kuanzia hapo nilihesabu. Mara ngapi amemwita "mwanangu." Mara ngapi amemuuliza yeye kwanza. Nilipoandika vizuri hakuna aliyesema kitu, maana msomi anategemewa kuandika vizuri.

Kugonga miti dada alikuwa amekuanza mwenyewe. Baba yake alimfundisha akiwa mdogo, akimpelekea uji shimoni. Mpasua mbao hawezi kuangusha mti kwa siku mbili akakuta ndani ni unga, kwa hiyo hugonga kwanza. Mkulo ukizeeka huoza kiini, ukabaki gamba na ukuta, na kwa nje unapendeza kama bwana harusi. Utepe hupima nje. Dada aliniambia hayo kwenye ploti ya tano, akaongeza, "Sasa hawa wakipima uzito, si watapima na mvungu? Andika pembeni, mama wa picha ataona."

Nilielewa pale pale kwamba lilikuwa jambo kubwa. Nilielewa kabla hata yeye hajaelewa ukubwa wake. Na ndiyo maana safu ya maelezo ilibaki nyeupe, mti kwa mti, ploti ya tano, ya sita, na ya saba, ile ya ukungu, huku Mama Setilaiti akiwa mbali kwenye uwazi na kidude chake.

Mama Setilaiti akaondoka na fomu zetu. Alirudi baada ya majuma mawili, siku ya gulio, uso umechoka. Baba alikuwa msikitini. Mama na dada walikuwa sokoni Lukozi na kabichi. Nilimkaribisha, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akatandaza karatasi sebuleni.

"Ploti tatu zinanikataa," alisema. "Kwa vipimo vyenu hapa pana mbao nyingi kuliko mahali popote mlimani. Nikitazama picha, ni msitu kama msitu. Najua picha hushiba. Msitu ukishakuwa mnene sana haiongezi tena wekundu, inaona majani ya juu tu. Lakini ploti ya tatu nayo ni nene, na ile inakubali. Kwa hiyo ama picha imeshiba vibaya ama ninyi mmenipikia nambari. Niambie ukweli. Nikizitupa hizi tatu, nimetupa kazi ya msimu, na siwezi kumchukua mtu niliyetupa kazi yake."

Nilitazama nambari zangu nzuri, zilizonyooka.

"Miti ile ina mvungu," nikasema.

"Nini?"

"Mikulo mikubwa imeoza ndani. Utepe unapima nje. Ukigonga kwa mgongo wa panga, unasikia."

Alivua miwani polepole. "Nani amegundua hilo?"

Nje kuku walikuwa wakiparura. Hapakuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba.

"Nilisikiliza," nikasema.

Sikusema uongo. Nilikuwa nimesikiliza. Nimekuwa mwandishi baadaye, na najua jinsi neno moja linavyoweza kuwa safi usoni na likawa na unga ndani. Nililijua hilo kwanza sebuleni kwetu. Akanikumbatia. Akasema alikuwa akitafuta sikio kama hilo kwa miaka, na kwamba nianze kutafuta sanduku.

Mama aliporudi na kusikia, alipiga kigelegele mlangoni, kikapu kikiwa bado kichwani. Dada alisimama nyuma yake akikunguta udongo wa soko miguuni. Mama Setilaiti akamweleza naye, kwa furaha, jinsi mdogo wake alivyogonga miti na kuisikia ndani.

Dada alinitazama. Sikuweza kusoma kilichokuwa usoni mwake.

"Hongera, msomi," akasema, akaenda kuwasha moto.

Usiku nilitamani aseme. Angenitukana ningepata pa kushika.

Asubuhi Mama Setilaiti akataka kuona kwa macho yake. Alikuwa amekuja na keekee ndefu, nyembamba, ya kutoboa mti mpaka kiini na kutoa kijiti cha mbao kama penseli. Tukapanda wote watatu mpaka ploti ya saba. Ukungu haukuwepo siku ile. Kila gamba lilionekana.

"Haya, mwanangu," akaniambia. Neno lenyewe, hatimaye langu. "Gonga."

Nikaligeuza panga kama nilivyoona likigeuzwa. Nikagonga. Nikainamisha sikio. Niliusikia mti, naapa, lakini niliusikia kama mtu anavyosikia lugha ya watu wengine: sauti ipo, maana haipo.

"Huu ni mzima," nikasema.

Akazungusha keekee. Iliingia kwa taabu, ikakwaruza, kisha ghafla ikatumbukia mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa, unga wa kahawia ulimwagika juu ya viatu vyake.

"Bahati mbaya. Ule pale."

Nikagonga. Safari hii nilichagua upande wa pili. "Mvungu."

Kijiti kilitoka kirefu, kimenyooka, cheupe, kinanukia kafuri. Hakuna aliyekigusa.

Dada alikuwa amekaa juu ya mzizi na kamba mapajani. "Amechoka, mama," akasema haraka. "Huku juu baridi huziba masikio. Hata mimi siku nyingine sisikii."

Mama Setilaiti aligeuka akamtazama. Kisha alinichukulia panga mkononi, akampelekea yeye, mpini mbele.

"Hata wewe siku nyingine husikii nini?"

Dada hakulipokea. Alinitazama mimi. Na hili ndilo gumu kuliandika kuliko yote: alikuwa akiniomba ruhusa. Neno moja tu lilihitajika, gonga, nami nilikuwa nalo mdomoni, nikalifinya kwa meno. Hata pale, nimeshaumbuka, unga wa mti uko viatuni mwa mtu, nilimwonea wivu kwa ule wema wake, kwamba alikuwa nao wa kugawa.

"Sikilizeni, nina safari," alisema Mama Setilaiti. "Mtu agonge."

Dada alisimama. Akagonga miti mitano. "Mzima. Mvungu, lakini mdogo, uko upande huu. Mzima. Mzima. Huu ni ganda tu, mama, usiuegemee." Keekee iliingia mara tano, na mara tano ikasema alivyosema yeye.

Mama Setilaiti aliomba fomu. Akapitisha kidole kwenye safu ya mwisho, juu mpaka chini, karatasi baada ya karatasi.

"Alikutajia hii alipokuwa akipima?"

"Ndiyo."

"Kila mti?"

"Kila mti."

"Safu ya maelezo iko hapa. Kalamu ulikuwa nayo. Kwa nini hukuandika?"

Nikaitazama safu ile nyeupe.

"Kwa sababu alisema yeye."

Alizikunja fomu, akazitia mkobani. Hakunigombeza. Tulirudia ploti zote tatu kwa siku nne, dada akigonga, yeye mwenyewe akiandika, mimi nikishika kamba. Nyumbani aliwaambia wazazi wangu kwamba amebadili mawazo, kwamba anayehitajika ni mwenye sikio. Mama hakupiga kigelegele mara ya pili. Alinikasirikia mimi, na akamkasirikia dada pia, bila kujua kwa nini.

Siku hizi dada yuko katika chumba kile. Kila mwaka picha mpya ya milima yetu humfikia kabla habari zetu hazijamfikia, na akipiga simu humwambia baba ni bega gani limefifia na wapi msitu unarudi. Baba hujibu, "Na mimi unaniona hapa nilipokaa?" Wanacheka. Mimi nikipewa simu huwa nina haraka.

Siku moja kabla hajaondoka alikuja na karatasi na kalamu yangu ya risasi.

"Niandikie yale maneno ya Kiingereza ya pembeni mwa picha. Na maana yake chini. Nisiaibike siku ya kwanza."

"Utafundishwa hukohuko."

"Nakuomba, mdogo wangu."

Niliketi. Nilifikiria kukosea. Neno moja tu, mahali pamoja, nani angejua? Mkono ulikaa juu ya karatasi mpaka akaniuliza kama kalamu imekwisha ncha. Niliandika yote, sawasawa, kwa mwandiko wangu bora, na nilipomaliza sikujisikia mwema, nilijisikia nimeibiwa.

Asubuhi alivaa sweta langu la shule. Mama ndiye aliyempa bila kuniuliza. Baba alitangulia nje na sanduku kichwani, maana gari la kushuka Mombo halisubiri mtu. Dada aliaga jikoni, akaaga chumbani, akaja sebuleni nilipokuwa nimekaa nikijifanya nasoma.

"Sweta lako linabana kwapani," akasema.

"Lirudishe basi."

"Silirudishi." Akaivuta mikono ya sweta. "Hata siku ile ungesema tu kwamba sikio lile lilikuwa langu, ningekuachia Morogoro. Unajua?"

Nilijua. Ndiyo maana sikuinua macho kutoka kwenye kitabu. Nilisikia akifunga kilemba, akiokota kifurushi chake. Mlango wetu huvimba msimu wa mvua ukakwaruza sakafu. Aliunyanyua kidogo kwa nje, kama tulivyozoea, akauvuta, ukafunga.